Mzigo wa Hewa: Maji ya Usambara kutoka Mferejini hadi Kisimani

Katika historia ya Usambara, maji yameshuka kwa muda mrefu zaidi kuliko yalivyopandishwa. Washambaa, ambao waliitofautisha Shambaai, yaani nchi yao ya milimani yenye mvua na migomba, na nyika kavu iliyo chini yake, walikuwa katika karne ya 19 wakichepusha vijito kwa mifereji iliyofuata ubavu wa mlima ili kumwagilia mashamba. Mfereji wa namna hiyo hauhitaji nguvu nyingine ila uzito wa maji yenyewe, na kasoro yake, iwe ukingo uliobomoka au tope lililoziba, huonekana kwa macho. Hata mamlaka ya kisiasa yalifungamana na maji yatokayo juu: wafalme wa ukoo wa Kilindi, waliotawala kutoka Vuga, waliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua au kuizuia, na mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha jinsi dhana ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, ilivyounganisha mvua, shibe na uhalali wa mtawala.

Mabomba ya mserereko, ambayo huteremsha maji ya chemchemi bila pampu, yaliendeleza kanuni ileile, na yalipata msukumo katika mpango wa taifa wa mwaka 1971 uliokusudia kila mwanakijiji apate maji safi karibu na makazi yake ifikapo 1991. Hata hivyo bomba, tofauti na mfereji ulio wazi, hufungia hewa ndani yake: hewa hiyo hukusanyika mahali bomba linapopanda kilima kabla ya kushuka tena, ikabana njia ya maji, na ndiyo sababu vali za kuitoa huwekwa kwenye vilele hivyo.

Kisima kifupi cha nyumbani, kinachochimbwa bondeni na kuwekewa pampu ya kufyonza, kimeleta kanuni nyingine kabisa. Ingawa husemwa kwamba pampu huvuta maji, kwa hakika huondoa hewa bombani tu, na hewa ya nje, inayoukandamiza uso wa maji kisimani, ndiyo inayoyasukuma kupanda. Evangelista Torricelli alilieleza jambo hili mwaka 1644 kwa mrija wa zebaki, na mwaka 1648 Florin Périer, kwa maelekezo ya shemeji yake Blaise Pascal, alipanda Puy de Dôme nchini Ufaransa na kukuta kimo cha zebaki kimepungua kileleni. Mlima huo una mita 1,465, na mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo alichokipima Périer kinawahusu wachimba visima wa Usambara moja kwa moja. Tanga, kando ya bahari, hewa yaweza kuinua maji kwa nadharia mita 10.3, lakini Lushoto haifiki 9, na msuguano ndani ya bomba ukihesabiwa, si busara kutegemea zaidi ya 6.

Kiangazi kinaposhusha maji kisimani, pampu iliyotosha masika huweza kunguruma bila kutoa kitu, na lawama ikaangukia mashine isiyo na kosa. Kipimo cha kwanza kinachostahili ni kamba, kutoka usawa wa pampu hadi uso wa maji. Kina kikiwa cha kadiri, hushukiwa maungio ya bomba la kufyonzea, ambayo ni magumu kuchunguza kwa sababu pampu inapofanya kazi hayavuji maji hata tone: msukumo ndani ya bomba ni mdogo kuliko nje, hivyo hewa huingia, na dalili yake ni mapovu kwenye maji yatokayo. Pampu inayodai kujazwa maji kila asubuhi huashiria kasoro nyingine, nayo ni vali ya mwisho wa bomba, iliyokusudiwa kuzuia maji yasirudi kisimani, kukwama kwa mchanga au jani. Pale ambapo kamba yenyewe imeonyesha kina kisichofikika, hakuna kukaza maungio kutakakosaidia; pampu hushushwa ndani ya maji, ikayasukuma kutoka chini badala ya kuyangojea juu, na hapo wepesi wa hewa ya mlimani huacha kuwa kikwazo.