Keshia Aliyekataa Mia Tatu Yangu: Hesabu Zilitukimbia Lini?

Leo sina umbea wa staa. Leo nina umbea wa mia tatu.

Juzi nimeingia kwenye duka moja kubwa hapa Bariadi mjini, jina naliweka kapuni. Vitu vyangu vikafika 7,300. Nikatoa elfu kumi, nikaongeza na mia tatu ili dada wa kaunta anirudishie elfu tatu safi. Akaziangalia zile sarafu, akasema, "Kaka, umezidisha." Nikamwambia hapana dada, nipe elfu tatu tu tumalize. Akagoma. Akanirudishia mia tatu yangu, akaandika elfu kumi kwenye mashine, mashine ikamwambia 2,700, akaanza kusaka mia saba kwenye droo. Hamna. Akatoka nje kuomba chenji kwa muuza vocha.

Foleni ikaanza kuguna. Jamaa mmoja akasema, "Sasa hawa ndio wanapewa kazi!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka michache iliyopita huyo dada nilikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu hii stori ni ndefu kuliko ile foleni.

Mimi ni mtoto wa Kasoli, na Kasoli kwetu ni pamba. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 tulikuwa Shinyanga, na enzi za mkoloni yote haya yalikuwa Jimbo la Ziwa. Miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima alikuwa analima, anapalilia, anachuma, halafu anapeleka mzigo kwa mnunuzi mwenye leseni. Mizani ya mnunuzi, kalamu ya mnunuzi, hesabu ya mnunuzi. Mkulima anaambiwa ratili kadhaa, anapewa hela, anaondoka. Kama amepunjwa atajuaje?

Wazee wakashtuka. Wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima pamba, ili mkulima ajue uzito wake kabla hajaambiwa. Kwenye vuguvugu hilo ndipo alipoibuka kijana mmoja wa Mwanza, Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla hata ya Uhuru, muungano huo ulishashika karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa. Na Bomani? Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Yaani safari iliyoanzia kwenye mizani ya pamba ikafika hazina ya nchi.

Kwa hiyo kwetu sisi hesabu haikuanza kama somo la kuogopwa. Ilianza kama ulinzi. Ukijua kujumlisha, huibiwi.

Baada ya Uhuru serikali ikalibeba hilo. Mwaka 1968 mradi wa Unesco wa kisomo cha watu wazima ulianza huku kwetu, makao yake yakiwa Mwanza, ukafika Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake havikuwa vya hadithi za sungura. Kimoja kilihusu pamba: unasoma kuhusu kupanda na kupalilia, na humo humo unajifunza kuandika na kuhesabu. Babu yangu ni zao la ngumbaro. Hajawahi kukaa darasa la kwanza, ila pamba yake anaipigia hesabu mwenyewe.

Mwaka 1974, kwenye Azimio la Musoma, ikaamuliwa kila mtoto aende shule ifikapo 1977. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema takriban asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Dunia ilitupigia makofi.

Sasa hapa tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa dhahabu. Watoto walijaa, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza la saba wakafundishwa ualimu haraka haraka wakapelekwa darasani, na mtaa ukawapa jina: UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Ikaja vita ya Kagera 1978, uchumi ukayumba, na miaka ya 80 wazazi wakaanza tena kuchangia ada. Watoto wengi wakabaki nyumbani.

Mwaka 2002 ukaja MMEM, ada ya msingi ikaondolewa, madarasa yakajengwa. Halafu shule za kata zikaota kila mahali. Jambo zuri, kiukweli, bila shule ya kata mimi nisingeonja sekondari. Ila stori ikajirudia: majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kukimbia. Waliomaliza kidato cha sita wakapigwa kozi ya mwezi mmoja wakaingia darasani. Mtaa haukosi jina, hao wakaitwa Voda Fasta.

Mwaka 2012 ndio mambo yakawa hadharani. Serikali ilikiri kwamba zaidi ya watoto 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo mtihani wa la saba ukawa wa kusiliba, hesabu nazo humo humo. Huonyeshi njia, unachagua herufi unaipaka penseli. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yakatoka: karibu watahiniwa sita kati ya kumi wamepata sifuri, zaidi ya vijana 240,000. Serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya, lakini nchi ilikuwa imeshajiona kwenye kioo.

Mimi nimemaliza la saba 2013. Ni kizazi cha kusiliba. Swali nisilolijua nilipaka C, na Mungu alinisaidia mara nyingi tu.

Sasa ile stori yangu. Baada ya kidato cha nne nilipata kazi ya kaunta kwenye duka moja, mji siutaji. Mshahara 150,000. Mwisho wa mwezi bosi akanipa karatasi ya upungufu: 12,500, 9,000 na 18,500. Chini kaandika jumla 58,500. Akakata, akanipa 91,500. Nikasema asante bosi.

Nilipofika Kasoli babu akaniuliza mbona hela ndogo. Nikampa karatasi. Akachukua kijiti akachora chini kwenye vumbi. Kumi na mbili na nusu, na tisa, ishirini na moja na nusu. Ongeza kumi na nane na nusu. Akaniangalia. "Mjukuu wangu, hii ni arobaini elfu. Ulitakiwa upewe laki na kumi. Hii 18,500 nyingine amekukata ya nini?"

Sikuwa na jibu. Niliiona karatasi ile mara tatu kwenye basi na sikuijumlisha hata mara moja. Kilichonikamata ni kwamba bosi alijumlisha kwa simu, na mimi nikajua simu haikosei. Labda alibonyeza mara mbili, labda aliniibia, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mzee wa ngumbaro aliona kitu ambacho mwenye cheti cha kidato cha nne hakukiona.

Ndio maana sitaki kumcheka yule dada. Mashine inamwambia 2,700, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuiuliza mashine swali. Na si yeye peke yake: kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu hesabu walikuwa takriban asilimia 20 tu. Hao wanne waliobaki kati ya kila watano ndio sisi: makeshia, mawakala wa miamala, bodaboda, na mimi bloga wako.

Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili walianza kusoma mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Nawaombea watoto hao watoboe. Ila sisi wa katikati tumeshapita, hatutarudi darasa la pili.

Msimu wa pamba ukifika huku, siku hizi mizani inawaka namba na hela nyingine zinaingia kwenye simu. Safi sana. Lakini babu bado anakuja na kijiti chake. Vijana wanamcheka, wanasema mzee haamini teknolojia. Mimi siku hizi nachuchumaa pembeni yake, najumlisha naye.

Wewe je? Mara ya mwisho kuhakiki chenji yako kwa kichwa ni lini? Na ukweli usemwe: ushawahi kukatwa hela kazini ukasema asante? Funguka hapo chini, hatutaji majina.