Tulipu, Vinu vya Upepo na Jibini: Rada Kamili ya Siku Moja Uholanzi Bila Kuchomwa Ganji

Hizo picha umeziona. Msee amesimama kando ya maua mekundu na ya manjano yenye hayana mwisho, nyuma yake kinu cha upepo kinazunguka polepole, na mkononi ana kipande cha jibini. Unapiga skrini, unatumia mbogi yako, mnasema "siku moja." Halafu inaishia hapo.

Leo tunavunja hiyo stori vipande vipande. Safari ya binafsi ya siku moja ni hivi: mnachukua gari lenu na dereva mwenye pia anawaelezea mambo, mnatoka Amsterdam asubuhi, mnaona bustani za tulipu, vinu na shamba la jibini, na jioni mko mjini. Hakuna kungoja watu 50 washuke basi. Lakini kuna vitu lazima ujue kabla doo zitoke kwa mfuko, kwa sababu ukikosea tarehe utapata matope tu, na ukikosea visa hata matope hutayaona.

Yote ni stori ya maji

Usidhani maua, vinu na jibini ni vitu vitatu tofauti. Ni kitu kimoja. Karibu robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Hata ukitua uwanja wa ndege wa Schiphol, umetua mahali palikuwa ziwa. Hilo ziwa liliitwa Haarlemmermeer, na lilikaushwa kwa pampu za mvuke kati ya 1849 na 1852.

Kabla ya mvuke, kazi hiyo ilifanywa na vinu vya upepo. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha gurudumu, gurudumu linainua maji kutoka kwa shamba hadi kwa mfereji wa juu, na mwisho yanamwagwa mtoni. Eneo la Beemster lilikaushwa hivyo na kumalizika 1612.

Sasa, udongo mwingi wa huko ulibaki laini na wenye unyevu, mbaya kwa ngano lakini poa sana kwa nyasi. Nyasi zikaleta ng'ombe. Ng'ombe wakaleta maziwa mengi kuliko watu wangeweza kunywa, na bila friji, dawa ilikuwa kuyageuza jibini. Wazo ni lilelile la mursik kule kwetu: maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika. Na karibu na pwani, kwenye udongo wa mchanga wenye maji yanayodhibitiwa, tulipu zikapata nyumbani. Kila kituo cha siku hiyo kinatokana na watu waliokataa kuzama.

Kama una watu Kihoto, Naivasha, unajua ziwa likiingia kwa nyumba inakuwaje. Waholanzi walijipanga mapema: bodi ya maji ya eneo la Rijnland, lenye tulipu ziko, ilianza karne ya 13. Hadi leo bodi kama hizo zina uchaguzi wao na kodi yao.

Keukenhof: bustani yenye kila mtu anataka

Hii ndiyo iko kwa picha nyingi. Iko mji wa Lisse, ilifunguliwa kwa umma 1950, ina ukubwa wa hekta 32, na kila msimu wa vuli wafanyakazi wanapanda kwa mikono kama matunguu milioni 7. Tunguu ni ile sehemu ya tulipu inayofanana na kitunguu, na ndiyo inalala chini ya udongo baridi yote ya Desemba.

Shida ni moja: bustani hufunguliwa kwa wiki nane hivi pekee kwa mwaka, kutoka katikati au mwisho wa Machi hadi wiki ya pili ya Mei. Ukienda Agosti na miwani yako ya jua, geti limefungwa. Wiki salama zaidi ni za katikati ya Aprili, ingawa hali ya hewa inaweza kusukuma mambo mbele au nyuma.

Tiketi inanunuliwa mtandaoni, ina saa yake ya kuingia, na kwa mtu mzima ni kama Euro 20 hivi. Siku za wikendi na sikukuu ya Pasaka zinaisha haraka. Bustani inafunguliwa saa mbili asubuhi, kwa hivyo mwambie dereva mwanze na hapo. Kufika saa tano utapiga picha ya migongo ya watu.

Mashamba ya nje: angalia, usiingie

Nje ya Keukenhof kuna mashamba ya wakulima wa kweli, na hapa ndio wageni wengi wanaharibu. Hayo maua hayakupandwa ya kukatwa na kuuzwa. Biashara ya mkulima ni tunguu lenyewe. Ndiyo maana maua yakishachanua, mashine inapita na kukata vichwa vyote, ili nguvu ya mmea irudi chini. Unaweza kuona shamba jekundu Jumanne, na Ijumaa ni majani matupu.

Ukiruka mfereji ukaingia kati ya mistari kwa sababu ya selfi, unavunja mimea na unaweza kubeba magonjwa kwa viatu kutoka shamba moja hadi lingine. Hapo umekanyaga pesa ya mtu. Kama unataka picha katikati ya maua, kuna mashamba yanayokaribisha wageni na kutoza kiingilio. Mwambie mwongozaji akupeleke huko.

Tulipu ziliwahi kuwa kama mayai ya kware

Unakumbuka 2013 na 2014, kila mtaa ulikuwa na msee anafuga kware, mayai yanauzwa bei ya dhahabu, halafu ghafla hakuna mnunuzi? Waholanzi walipitia hiyo kitu zamani.

Tulipu zenyewe sio za Uholanzi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na zilipendwa sana na Waturuki wa dola ya Uthmaniya kabla ya kufika Ulaya magharibi. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alizipanda kwenye bustani ya chuo kikuu cha Leiden miaka ya 1590. Watu wakazipenda, hasa zile zenye michirizi kama moto. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba michirizi hiyo ililetwa na virusi.

Kufikia 1636, watu walikuwa wanauziana karatasi za matunguu ambayo bado yako chini ya udongo. Aina chache, kama Semper Augustus, zilitajwa kwa bei ya kununua nyumba. Februari 1637, wanunuzi wakakosekana na bei ikaanguka. Wanahistoria wa leo wanasema uchumi wa nchi haukuporomoka kama inavyosimuliwa, lakini waliobaki na karatasi mkononi walijua hawajui. Msee akikuahidi kuomoka wiki mbili, kumbuka maua.

Vinu: Zaanse Schans au Kinderdijk?

Hapa lazima uchague, kwa sababu viko pande tofauti.

Zaanse Schans iko kaskazini, kama kilomita 20 kutoka Amsterdam. Ni mtaa wa nyumba za mbao za kijani na vinu kando ya mto Zaan. Vinu vya hapa havikuwa vya maji tu, vilikuwa viwanda. Eneo hili liliwahi kuwa na vinu mamia, vikipasua mbao za meli, kukamua mafuta na kusaga rangi. Kinu cha De Kat bado kinasaga rangi hadi leo, na unaweza kupanda ngazi ujionee. Ngazi ni kali kama za kupanda kwa dari, kwa hivyo viatu vya luku acha hotelini. Hapo pia utaona viatu vya mbao vikichongwa.

Kinderdijk iko kusini, karibu na Rotterdam. Ina vinu 19, vingi vilijengwa kati ya 1738 na 1740, vimepangwa kando ya mifereji. UNESCO iliviweka kwa orodha ya urithi wa dunia 1997. Hapa kumetulia zaidi, na unaelewa ile kazi ya maji kabisa, kwa sababu hivi vilijengwa kuinua maji.

Kitu kimoja watu hawajui: kinu kikisimama, mapanga yake yanaongea. Yakisimamishwa kabla kidogo ya kufika juu, kuna furaha, kama harusi au mtoto amezaliwa. Yakipita juu kidogo, ni matanga. Ndege ya MH17 ilipoangushwa Julai 2014 na Waholanzi wengi kufa, vinu vingi nchini viliwekwa kwa alama ya matanga.

Ushauri: kama mna muda mchache, Keukenhof pamoja na Zaanse Schans. Kama mnapenda utulivu na barabara sio shida, Keukenhof, Gouda halafu Kinderdijk. Kubana vyote kwa siku moja ni kuona barabara tu.

Shamba la jibini: usinunue kabla ya kuonja

Jibini (chizi, na sio yule wa kichwani) inayojulikana sana hapa ni Gouda. Inatengenezwa hivi: maziwa yanapashwa moto, yanawekwa kimeng'enya cha kuyagandisha, mgando unakatwa vipande vidogo na maji yake yanatolewa. Kisha unashindiliwa kwa umbo la gurudumu, unalowekwa kwa maji ya chumvi, na kuwekwa kwa rafu za mbao. Kilo moja inakula kama lita 10 za maziwa. Ukiangalia bei ya pakiti ya maziwa kwa duka la mtaa wenu, utaelewa mbona hii kitu sio sare.

Kwa lebo, maneno matatu yanatosha. "Jong" ni changa, ya wiki nne hivi, laini na tamu. "Belegen" imekaa miezi minne hivi. "Oud" ni mzee, karibu mwaka au zaidi, ngumu na yenye chumvi kali. Ukiona "boerenkaas", hiyo imetengenezwa shambani kwa maziwa mabichi. Ukitaka soko la zamani, Alkmaar hufanya siku za Ijumaa asubuhi, na Gouda siku za Alhamisi, msimu wa joto ukianza. Wabebaji wa Alkmaar na kofia zao za nyasi wana chama tangu 1593.

Na kabla mfunge gari, tafuta stroopwafel ya moto, biskuti mbili nyembamba zenye sharubati katikati. Asili yake ni Gouda.

Doo, visa na ngori zingine

Gari la binafsi huenda likala mamia ya Euro kwa siku. Mara nyingi bei ni ya gari, sio ya kichwa, kwa hivyo mkiwa wanne au sita inaanza kuwa na akili. Uliza mapema kama tiketi ya Keukenhof na kiingilio cha vinu viko ndani ya hiyo bei. Ukiwa pekee yako, treni kutoka Amsterdam inakufikisha stesheni ya Zaandijk Zaanse Schans kwa dakika chini ya 20, na msimu wa maua kuna basi kutoka Schiphol hadi Keukenhof.

Pasipoti ya Kenya inahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni Euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima igharamie angalau Euro 30,000. Unaweza kutuma maombi kuanzia miezi sita kabla, na usingoje chini ya siku 15. Na wale mnapitia Schiphol mkienda Marekani: kutoka nje ya uwanja kuona maua bila visa, hapana.

Hakuna agenti ana uwezo wa kukuhakikishia visa. Binamu yangu alilipa mmoja "kila kitu", akapewa barua ya hoteli feki. Alipoteza pesa na jina lake likabaki na doa la karatasi bandia. Peleka maombi mwenyewe, na karatasi zako za ukweli.

Beba koti na mwavuli. Aprili ya huko inaweza kuwa nyuzi 10 na mvua.

Kituo cha mwisho chenye wengi husahau

Mwombe dereva apitie Aalsmeer asubuhi na mapema, siku ya kazi. Hapo ndipo mnada mkubwa wa maua wa Royal FloraHolland uko, ndani ya moja ya majengo makubwa zaidi duniani. Bei inaanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye amenunua. Uliza kama wageni wanaruhusiwa siku hiyo.

Waridi nyingi zinazouzwa huko zimetoka Kenya. Shangazi yangu amezipanga na kuzifunga Naivasha kwa miaka, na hajawahi kuona zinaenda wapi. Kwa hivyo ukifika, piga picha ya tulipu, sawa. Halafu tafuta boksi limeandikwa Kenya, ulipige picha pia. Kuna mtu nyumbani anataka kuiona.