Aliyeondoka Hakuwa Robo

Dungeons & Dragons ilipochapishwa Marekani mwaka 1974, mchezaji alichagua kati ya wahusika wa aina tatu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kuhani alitokana na tatizo la mezani. Katika michezo ya awali ya Dave Arneson kule Minnesota, mhusika wa mchezaji mmoja, Sir Fang, aligeuka mnyonya damu akawa hashikiki. Dawa haikuwa hesabu. Aliingizwa mtu wa dini wa kumkabili.

Mwaka 2000 toleo la tatu likaleta namba. Kila adui alipewa kiwango cha ugumu, na kipimo kilikuwa kundi la watu wanne. Adui wa kiwango cha 3 aliwafaa wanne wa ngazi ya 3. Namba ilichukulia kwamba mmoja wao anaponya.

Sisi bado tunacheza toleo hilo, na mimi ndiye mwendesha mchezo. Mwaka jana rafiki aliyecheza kuhani alihama kikazi. Tukabaki na wachezaji watatu, nami nikapunguza robo ya maadui nikaona mizani imekaa sawa. Usiku ule wahusika wote watatu walikufa. Mwenzetu mmoja, aliyemlea wake kwa miaka miwili, alikusanya kete zake bila kusema neno.

Aliyeondoka hakuwa robo ya kundi. Ndiye aliyewainua walioanguka.

Siku hizi, kabla ya kufungua kitabu, nauliza kwanza: leo nani hayupo?