Kasi ya Kihariri Haipimwi kwa Idadi ya Vibonyezo

Wanaprogramu wanapolinganisha vihariri vyao hupenda kuhesabu vibonyezo. Yapo hata mashindano, VimGolf, ambayo mshindi ni yule aliyerekebisha matini kwa vibonyezo vichache kuliko wenzake. Kwa vidole ni mazoezi mazuri. Kwa kupima ufanisi, hesabu hiyo inapotosha, na sababu yake imejulikana tangu 1980.

Mwaka huo Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha kielelezo cha kukadiria muda anaotumia mtumiaji stadi kutekeleza kazi kwenye kompyuta. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mchapaji wa wastani mwenye ujuzi, walikupa sekunde 0.2. Kuhamisha mkono kutoka kibodi hadi kipanya: 0.4. Kulenga kitu kwa kipanya: 1.1. Kujiandaa kiakili kabla ya kutenda: 1.35. Takwimu ya mwisho ndiyo nzito, kwa kuwa kusita mara moja tu kunakaribia gharama ya vibonyezo saba. Kihariri kinachookoa vibonyezo vitatu huku kikimfanya mtu asite mara moja zaidi kimemchelewesha.

Ubahili wa vibonyezo ulikuwa na maana yake zamani. Bill Joy alipokiandika kihariri cha vi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, alitumia mashine ya ADM-3A iliyounganishwa kwa modemu iliyopitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja huchukua zaidi ya dakika moja kujaa. Hata desturi ya kusogeza kielekezi kwa h, j, k na l ilitokana na mishale iliyochorwa juu ya vitufe hivyo vya ADM-3A. Modemu zile zimetoweka. Kilichodumu ni mpangilio wa amri, ambamo tendo hutajwa kwanza na kitu kinachotendwa hufuata. Katika Vim, mrithi wa vi, amri ci" hufuta kilichomo ndani ya alama za kunukuu na kumwacha mtu tayari kuandika kipya. Mtumiaji hahesabu herufi za kufuta, anataja anachokitaka.

Tofauti kati ya mbinu huonekana vizuri zaidi kazi ikidai uamuzi. Chukua programu ya kampuni inayopangisha nyumba. Ndani yake neno kodi limetumika kwa malipo ya mpangaji na pia kwa kodi ya serikali, na mwanaprogramu anataka hiyo ya serikali iitwe ushuru. Ubadilishaji wa jumla ni hatari hapa: utagusa kodi ya pango, na usipowekewa mipaka ya neno utaigeuza kodisha kuwa ushurusha. Hakuna ruwaza inayoweza kutofautisha maana hizo mbili. Lazima jicho lipite kila mahali.

Katika Sublime Text na Visual Studio Code, Ctrl+D huongeza kielekezi kwenye neno lifuatalo linalofanana, kisha maneno yote hubadilika kwa pamoja. Yakiwa yote yako mbele ya macho, hakuna mbinu iliyo wazi kuliko hiyo. Yakisambaa katika faili ndefu, sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea nje ya skrini. Emacs, kwa Alt na %, husimama penye kila neno na kuuliza. Jibu ni y au n. Vim, ambayo Bram Moolenaar aliitoa 1991, hufika hapohapo kwa njia nyingine: mtu hutafuta neno, hulibadilisha mara moja kwa cgn, kisha n humpeleka kwenye lifuatalo na nukta hurudia badiliko. Katika njia hizi mbili za mwisho, uamuzi mmoja hugharimu kitufe kimoja au viwili, na matokeo huonekana palepale. Kwa kazi ya aina hii zinastahili kutangulizwa.

Pingamizi zito lilitoka kwa Larry Tesler, aliyeshiriki kuunda kihariri cha Gypsy katika maabara ya Xerox PARC. Kwa miaka mingi alipinga vihariri vyenye hali tofauti za kuandika na za kuamuru, kama ilivyo Vim, kwa kuwa anayesahau yuko katika hali gani huona herufi zake zikigeuka amri. Kusahau huko nako ni kusita, tena kwa gharama ya kurekebisha kilichoharibika. Tesler alikuwa sahihi, hasa kwa wanaoanza. Vihariri vya Kakoune na Helix vimelijibu pingamizi hilo nusu tu: hali zimebaki, ila mpangilio umegeuzwa, mtu huchagua kwanza, huona alichochagua, ndipo hutenda. Makosa ya kufuta kupita kiasi hugunduliwa kabla hayajatokea.

Kwa majina yaliyo ndani ya msimbo wenyewe, itifaki ya seva za lugha iliyotangazwa na Microsoft 2016 imerahisisha kazi hii zaidi, kwani kupitia seva kihariri hujua jina lipi ni la kigezo kipi. Lakini seva hiyo haisomi maana ya maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya binadamu, wala lebo za fomu, wala ujumbe unaotumwa kwa mpangaji, na humo neno kodi bado linasubiri mtu aamue.