Ohm na Maana ya Ukinzani

Istilahi za fizikia katika Kiswahili mara nyingi hutokana na maneno ya kawaida. Mkondo ni wa maji kabla ya kuwa wa umeme. Ukinzani watokana na kitenzi kukinza, yaani kupinga. Hata hivyo, asili ya neno haitoshi kulipa maana ya kisayansi. Historia ya kanuni ya Ohm yathibitisha jambo hilo.

Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli, alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Tangu 1817 alifundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne. Makala aliyoitoa mwaka 1825 ilikuwa na kanuni isiyo sahihi, kwa sababu betri aliyoitumia ilipungua nguvu wakati jaribio likiendelea. Kwa ushauri wa Poggendorff, aliiacha betri hiyo, akaunganisha bismathi na shaba; kiungo kimoja akakiweka katika maji yanayochemka, cha pili katika barafu. Tofauti ya joto ilipotulia, msukumo wa umeme nao ukatulia.

Ndipo mwaka 1826 alipojaribu nyaya nane za shaba, zenye unene mmoja na urefu mbalimbali, akipima mkondo kwa sindano ya sumaku. Kadiri waya ulivyozidi urefu ndivyo mkondo ulivyopungua. Matokeo yalidhihirisha kwamba mkondo ni sawa na msukumo, ambao leo twauita volteji, ukigawanywa kwa ukinzani wa mzunguko mzima. Volteji ikiongezwa maradufu, mkondo nao huongezeka maradufu, mradi halijoto ya waya isibadilike.

Kitabu chake cha mwaka 1827 hakikupokewa vyema nchini mwake, naye akajiuzulu kazi ya ualimu. Heshima ilichelewa: Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley mwaka 1841, na mwaka 1881 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliidhinisha jina lake kuwa kizio cha ukinzani.

Basi mambo haya matatu hufafanuana: hakuna lieleweke kikamilifu pasipo mengine mawili. Mwandishi wa kamusi anayeyafasili kila moja peke yake atakuwa ametoa maneno, lakini uhusiano unaoyapa maana atakuwa ameuacha nje.