Stesheni, Misheni, Lokesheni: Kilatini Kilivyoingia Gusii

Mwenye kuyasikiliza mazungumzo ya wazee wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, yakigusa serikali au kanisa, hatakosa kukutana na jamii ya maneno yenye mwisho mmoja: stesheni, misheni, lokesheni, divisheni. Kwa dhahiri ni maneno ya Waingereza. Lakini asili yake ni Warumi wa kale, ambao walikuwa na ada ya kukitwaa kitenzi na kukitia kiambishi -tio au -sio, likapatikana jina la tendo lenyewe. Waingereza baadaye wakakitamka kwa sauti ya sh au iliyo karibu nayo, na Kiswahili, kisichopenda neno kukomea konsonanti, kikakiongezea irabu.

Lililotangulia ni stesheni. Asili yake ni stare, kusimama, na statio ya askari wa Kirumi ilikuwa ni lindo. Reli ilikomea Kisumu mwaka 1901, wala haikupata kufika Gusii. Stesheni ya huku, basi, ilikuwa ile boma iliyoanzishwa mwaka 1907 mahali wenyeji wanapopaita Getembe. Nayo ilikuwa lindo kwelikweli, kwani Januari 1908 kijana Otenyo, kwa uchochezi wa Moraa, mwanamke mwaguzi, alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, mkuu wa boma hiyo, na jeshi lililoletwa kulipiza kisasi likaua watu na kuteka ng'ombe.

Ndipo ikafuata misheni, kutoka mittere, kutuma. Mapadre wa Mill Hill walipiga kambi Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakashika Nyanchwa mwaka uliofuata. Septemba 1914, katika ghasia za Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walipoingia Kisii, misheni nazo ziliporwa, jambo linaloonyesha kwamba wenyeji waliiona stesheni na misheni kuwa ni nyumba moja yenye milango miwili. Nyabururu, kadhalika, Kilatini kilikuwa na njia yake isiyopita kwa Mwingereza: Misa ni ndugu wa misheni, kwa kuwa zote mbili zatoka mittere, na Komunyo imehifadhi mwisho wake wa kale. Waadventista, wasio na Misa, walibaki na misheni peke yake.

Lakini lenye taathira kubwa kuliko yote, kwa rai yangu, ni lokesheni. Waingereza walizichukua koo kuu za Gusii, yaani Kitutu, Nyaribari, Bassi, Wanjare, Majoge na Mugirango zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, kila moja wakaifanya lokesheni yenye chifu wake. Na nasaba, ambayo awali ilifuata watu popote walipohamia, ikawa sasa imefungwa kwa mpaka. Locare ni kuweka mahali, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia wakoloni. Katika sheria ya Kirumi, hata hivyo, locatio ilikuwa mkataba wa kupangisha nyumba au shamba, na hata wa mtu kukodisha nguvu za mikono yake. Sidhani kama maofisa waliijali maana hiyo, ila chifu wa lokesheni ndiye aliyekusanya kodi ya nyumba, na kodi hiyo ndiyo iliyowasukuma vijana wengi kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya chai ya Kericho.

Divisheni haina mengi: dividere ni kugawa, na kugawa kuliendelea, hata Nyamira ikatengwa na Kisii kuwa wilaya kwa nafsi yake.

Katiba ya 2010 imeleta kaunti, neno la Kilatini pia ijapokuwa halina mkia huo, lakini machifu na lokesheni zao hawakuondoka. Na aliye na kitambulisho cha taifa cha muundo uliotumika miaka mingi na akigeuze nyuma: chini ya wilaya ataona divisheni, kisha lokesheni, kisha lokesheni ndogo.