Jinsi mageuko yalivyofanywa chombo cha kazi

Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, wanafunzi watatu wa uhandisi, Ingo Rechenberg, Hans-Paul Schwefel na Peter Bienert, waliweka bamba la ajabu ndani ya handaki la upepo, pale wahandisi wanapopimia jinsi hewa inavyolikinza umbo la chombo. Bamba hilo lilikuwa na vipande sita vilivyounganishwa kwa bawaba tano, na kila bawaba iliweza kukaa katika mikao 51. Ukizidisha, unapata maumbo zaidi ya milioni 345. Hakuna binadamu ambaye angeyajaribu yote. Wao walianza na bamba lililokunjwa zigizaga, wakawa wanazigeuza bawaba kidogo kidogo kwa bahati nasibu, wanapima ukinzani wa hewa, na kulibakiza umbo jipya pale tu lilipolishinda lile la kabla yake. Hatua kwa hatua bamba likanyooka.

Kwamba bamba lililonyooka ndilo linalopita hewani kwa urahisi, kila mhandisi alilijua. Ndiyo maana walichagua swali hilo. Walitaka kuona kama bahati nasibu ikisimamiwa na uteuzi inaweza kufika mahali ambapo jibu lilikwisha kujulikana, ili kesho waiamini mahali ambapo jibu halijulikani.

Wazo lenyewe lilikwisha kujaribiwa ndani ya kompyuta miaka 11 kabla. Mwaka 1953 Nils Aall Barricelli, mwanahisabati wa Kinorwe aliyezaliwa Roma, alifika Princeton, Marekani, akapewa nafasi kwenye kompyuta iliyojengwa chini ya John von Neumann. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 5 tu, na ilikuwa na shughuli nyingi za hesabu za bomu la haidrojeni. Barricelli aliitumia usiku. Alichanganya karata ili kupata namba za kubahatisha, akazipanda namba hizo ndani ya mashine, akaziwekea kanuni za kujinakili na kubadilika, kisha akakaa kuangalia. Makundi ya namba yalitokea, yakaenea, mengine yakaishi kwa kuwanyonya wenzao. Baadaye Barricelli aligeukia utafiti wa vinasaba vya virusi, na kwangu mimi hilo linasema mengi: tangu mwanzo hakuyaona maswali hayo mawili kuwa mbalimbali.

Mtu aliyeipa fani hii msamiati wake ni John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilieneza jina la algoriti za kijenetiki. Rechenberg alianza na badiliko dogo kwenye umbo moja. Holland alisisitiza mchanganyiko: chukua majibu mawili mazuri, yakate, unganisha kipande cha hili na kipande cha lile, kama wazazi wawili wanavyomrithisha mtoto. Tofauti hiyo ya Berlin na Michigan inafaa kukumbukwa, kwa sababu itajirudia ndani ya neli za maabara.

Wakati wahandisi wakiiga viumbe, mwanabiolojia mmoja alikuwa amewavua viumbe karibu kila kitu ili abakiwe na mageuko peke yake. Sol Spiegelman wa Chuo Kikuu cha Illinois alichukua RNA ya Qβ, kirusi kinachoshambulia bakteria, akaiweka kwenye neli pamoja na kimeng'enya kinachoinakili na malighafi za kujengea nakala. Hapakuwa na seli, wala bakteria wa kushambuliwa. Baada ya muda alichota tone, akalihamishia neli mpya, na kadiri kazi ilivyosonga akaufupisha muda wa kusubiri. Alifanya hivyo mara 74. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1967 yalionyesha kuwa RNA ya mwisho ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake. Ilijinakili kwa kasi kubwa, ila haikuweza tena kumwambukiza bakteria yeyote.

Jaribio hilo ndilo moyo wa historia hii. Spiegelman hakuamuru RNA ijifupishe. Aliweka sharti moja tu, kasi, na kila kilichoichelewesha kikaachwa njiani, hata uwezo uliokifanya kirusi kuwa kirusi. Mtu anayetumia mageuko kama chombo hahitaji kujua njia, lakini sharti analoweka litatekelezwa kama lilivyo, na asichokitaja hakina mlinzi.

Robo karne baadaye chombo hicho kilikuwa mikononi mwa Frances Arnold, mhandisi wa Taasisi ya Teknolojia ya California. Alitaka vimeng'enya vifanye kazi mahali ambapo havikuzoea. Kuviunda kwa hesabu kulikuwa kugumu mno. Protini ya asidi amino 300, kila nafasi ikiwa na chaguo 20, ina mipangilio mingi kuliko idadi ya atomu za ulimwengu wote unaoonekana, na hakuna aliyejua kusoma kutoka kwenye mpangilio kazi ambayo protini ingefanya. Basi Arnold akafanya alichofanya mkulima wa mahindi tangu enzi na enzi, yule anayetenga mahindi bora na kuyaning'iniza juu ya moshi wa meko yawe mbegu ya msimu ujao, bila kujua jeni ni nini. Mwaka 1993, yeye na Keqin Chen walichapisha kazi yao juu ya subtilisini E, kimeng'enya kinachokata protini, cha jamii inayotiwa kwenye sabuni za kufulia. Waliinakili jeni yake kwa namna iliyoruhusu makosa, wakawapa bakteria nakala hizo, wakawaotesha juu ya sahani zenye protini ya maziwa na kiyeyusho kikali kiitwacho dimethiliformamaidi. Palipokuwa na kimeng'enya kinachofanya kazi, duara angavu lilitokea kuzunguka bakteria. Wenye duara kubwa walichaguliwa, jeni zao zikaingizwa tena kwenye mzunguko. Mwishowe walipata kimeng'enya chenye nguvu mara 256 kuliko cha asili ndani ya kiyeyusho hicho kikiwa asilimia 60.

Njia hiyo inafanana na ya Berlin: badili kidogo, pima, bakiza. Mwaka uliofuata ikaja ya Michigan, na safari hii mkopo kutoka kwenye kompyuta ulitajwa waziwazi. Willem Stemmer, akiripoti katika jarida la Nature mwaka 1994, alieleza kwamba algoriti za kijenetiki zilikwisha kuonyesha umuhimu wa kuchanganya vipande vya mifuatano, na kuwa yeye alikuwa akilifanya hilo kwa DNA halisi. Alizikatakata jeni zilizoteuliwa, akaviacha vipande viungane upya kwa kubahatisha, akazichuja jeni mpya kwa kuwalazimisha bakteria kuishi kwenye dozi zinazopanda za antibiotiki ya sefotaksimu. Baada ya mizunguko mitatu ya kuchanganya na miwili ya kuondoa mabadiliko yasiyo na kazi, bakteria walistahimili dozi mara 32,000 ya ile ya mwanzo. Bila kuchanganya, mbinu za kawaida zilifikia mara 16.

Msomaji ana haki ya kushtuka hapa. Kuwafundisha bakteria kuishinda antibiotiki si jambo dogo, na kazi za aina hiyo zinastahili macho ya wasimamizi. Stemmer aliichagua jeni ya kustahimili antibiotiki kwa kuwa uteuzi wake ni mkali na rahisi kupima: aliyeshindwa anakufa.

Faida nazo zilifika. Mwaka 2010, kampuni za Codexis na Merck zilitangaza kimeng'enya chenye mabadiliko 27 ambacho kiliweza kutengeneza sitagliptini, dawa ya kisukari cha aina ya pili, na kuiondoa hatua iliyohitaji madini adimu ya rodiamu. Mwaka 2018 Arnold alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kwenye kompyuta nako molekuli zilikuwa zikizaliana. Kutafuta dawa mara nyingi ni kutafuta jinsi molekuli ndogo inavyoweza kukaa kwenye pango la protini, ikijipinda huku na huku, na mikao ni mingi kupita kiasi. Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi ya Scripps huko California walitoa toleo la programu ya AutoDock lililotumia algoriti waliyoiita ya Kilamarki. Jean-Baptiste Lamarck, Mfaransa aliyeandika kabla ya Darwin, aliamini kuwa mzazi humrithisha mtoto alichokipata maishani. Biolojia ilimkataa. Ndani ya AutoDock amepata makao: molekuli hurekebisha mkao wake kwanza, kisha marekebisho hayo huandikwa kwenye jeni zake na kupita kwa watoto. Kompyuta haifungwi na sheria za mwili, na njia hiyo ilishinda ile ya kawaida.

Mwaka 2004 watafiti wa California waliitumia AutoDock kuchunguza integrasi, kimeng'enya ambacho VVU hukitumia kujichomeka ndani ya DNA ya binadamu, wakaona mfereji ambao haukuwa umetambuliwa. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha raltegravir, dawa ya kwanza ya kukizuia kimeng'enya hicho. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD kinachotolewa leo katika kliniki za Tanzania na Kenya, ni ya kundi hilohilo. Nisieleweke vibaya: dawa hizi zilitoka kwenye kazi ndefu ya wakemia wengi, na programu moja haiwezi kuzidai. Ila ni haki kujua kuwa wazo la Barricelli na karata zake lilikuwa miongoni mwa zana zilizosaidia kukichungulia kimeng'enya hicho.

Maabarani nako, mwaka 2011 Kevin Esvelt, Jacob Carlson na David Liu wa Harvard waliondoa mkono wa mtu kwenye mizunguko ya uteuzi. Waliufunga uhai wa kirusi kwenye jeni waliyotaka iboreke, wakakiacha kwenye chombo kinachotiririka: kirusi chenye jeni dhaifu kilisombwa kabla ya kuzaa. Mizunguko 200 ilikamilika kwa siku nane.

Kisha pande mbili, kompyuta na maabara, zikakutana katika mwili mmoja. Mwaka 2020 Sam Kriegman na Josh Bongard wa Chuo Kikuu cha Vermont, pamoja na Douglas Blackiston na Michael Levin wa Tufts, waliiachia algoriti ya mageuko ibuni maumbo ya tishu kwenye kompyuta kuu, sharti likiwa ni kusogea. Blackiston akayachonga maumbo hayo kwa koleo ndogo kutoka kwenye seli za Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Jangwa la Sahara. Vipande hivyo, visivyofika milimita moja, vilitembea majini. Mwaka uliofuata sharti lilibadilishwa. Seli zilizoachwa zijikusanye zenyewe kuwa duara ziliweza kukusanya seli nyingine na kuunda duara jipya, ila ukoo wake ulikatika upesi. Algoriti iliambiwa itafute umbo la kuurefusha ukoo huo, ikaleta umbo lenye mdomo wazi, linalosukuma seli mbele yake kwa wingi zaidi, na vizazi vikaongezeka hadi vinne.